Yash Tandon: Profesa wa mrengo wa kushoto aliyegeuka mshauri wa diplomasia ya biashara

Mkulima wa Kalama, katika vilima vya Machakos, hutazama mawingu kwanza kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Mvua za vuli zikinyesha, mbaazi, ambazo Wakamba huziita nzuu, hustahimili hata pale mahindi yanapokauka shambani. Lakini mwaka 2017 wakulima wa zao hilo katika Afrika Mashariki walijifunza kwamba mvua pekee haitoshi. Mwezi Agosti mwaka huo, serikali ya India, ambayo nchi yake ndiyo mnunuzi mkuu wa mbaazi duniani, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazotoka nje. Bei ikaanguka katika ukanda huu, na miongoni mwa waliopigwa vibaya zaidi ni wakulima wa Tanzania.

Uamuzi wa mji mkuu wa mbali ulikuwa umeingia ghalani. Ni nani humsemea mkulima wa namna hiyo katika vyumba ambamo masharti ya biashara huandikwa? Na huyo anayemsemea huwa ameshika karatasi iliyoandikwa na nani?

Maswali hayo ndiyo yaliyotawala nusu ya pili ya maisha ya Profesa Yash Tandon wa Uganda. Alianza kama mwalimu wa chuo kikuu aliyeamini nadharia ya Karl Marx, akapita katika serikali ya muda mfupi na uhamishoni, kisha akawa mmoja wa washauri waliojulikana sana wa nchi maskini katika mashauriano ya biashara ya kimataifa. Safari yake yastahili kusomwa upya, kwa kuwa mambo aliyoyaonya yamezidi kujitokeza.

Kutoka Kaberamaido hadi Makerere

Yashpal Tandon alizaliwa mwaka 1939 huko Kaberamaido, karibu na Ziwa Kyoga, mashariki mwa Uganda, katika jamii ya Waafrika Mashariki wenye asili ya Asia. Masomo ya juu aliyafanyia Uingereza, katika chuo cha London School of Economics, alikobobea katika uhusiano wa kimataifa. Katika miaka ya 1960 alirejea nyumbani na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Makerere, wakati ambapo mataifa mapya ya Afrika yalikuwa yakifungua balozi zao za kwanza na kutafuta maafisa wa kuzijaza.

Somo lenyewe lilikuwa halijapata vitabu vyake. Wanafunzi wa Kiafrika walisoma uhusiano wa kimataifa kwa macho ya Washington na London. Tandon alihariri mkusanyiko wa maandishi kuhusu uhusiano wa kimataifa wa Afrika, ambao juzuu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1972 na East African Literature Bureau jijini Nairobi. Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyomshughulisha maisha yake yote, yaani kuwapa Waafrika maarifa yao wenyewe kuhusu mataifa mengine.

Mwaka huo huo wa 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka nchini. Tandon naye akaingia uhamishoni. Mwaka uliofuata alishiriki kuandika ripoti kuhusu hali ya Waasia wa Afrika Mashariki, kundi dogo lililong'olewa ghafla mahali lilipopaita nyumbani.

Mjadala wa Dar es Salaam

Mlimani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Tandon alikuta uwanja uliokuwa ukifuka moshi wa hoja. Tanzania ya Mwalimu Julius Nyerere ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha mwaka 1967. Wasomi kutoka pande nyingi za Afrika na kwingineko walikusanyika hapo, na karibu kila jioni palikuwa na mhadhara na mabishano.

Ubishi mkubwa uliomhusu Tandon ulizuka katikati ya miaka ya 1970. Issa Shivji alichapisha mwaka 1976 kitabu chake kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania. Alidai kwamba baada ya uhuru lilichipuka tabaka la warasimu walioitwaa dola na kuitumia kwa manufaa yao. Mwaka huo huo Mahmood Mamdani alichapisha utafiti wake kuhusu siasa na matabaka nchini Uganda. Mwanasheria Dani Nabudere, Mganda mwenzao, akaja na hoja ya kupinga. Kwa maoni yake, adui mkuu alikuwa mtaji wa fedha wa kibeberu, na matabaka ya ndani ya nchi hizi yalikuwa dhaifu mno kuweza kuitwa watawala wa kweli wa uchumi. Tandon alisimama upande wa Nabudere. Yeye ndiye aliyekusanya maandishi ya mjadala huo na kuyahariri katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1982, kikiwa na utangulizi wa Abdulrahman Babu.

Kwa msomaji wa leo ubishi huo waweza kuonekana kama wa watu wa vitabu tu. Hata hivyo, ulikuwa na matokeo. Anayeamini kwamba adui yumo ndani ya dola yake atapigana kwanza na watawala wake. Anayeamini kwamba adui mkuu yuko nje atatafuta umoja wa kila aliye tayari kumkabili, hata wale asiopatana nao kwa mengine. Tandon alichagua jibu la pili, na jibu hilo likawa dira yake.

Wasomi madarakani

Fursa ya kulijaribu ilikuja mwaka 1979. Majeshi ya Tanzania yalikuwa yakisonga mbele ndani ya Uganda baada ya uvamizi wa Amin katika eneo la Kagera. Mwezi Machi, makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana mjini Moshi na kuunda muungano wa ukombozi uliojulikana kwa kifupi kama UNLF. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na Profesa Yusuf Lule akaapishwa kuwa rais.

Umoja haukudumu. Baraza la ushauri la taifa, lililoongozwa na Edward Rugumayo, lilidai kwamba rais hana mamlaka ya kuteua mawaziri bila idhini yake. Lule akaondolewa mwezi Juni baada ya siku 68 tu, na nafasi yake ikachukuliwa na Godfrey Binaisa. Katika miezi hiyo wasomi wanne wa mrengo wa kushoto, yaani Nabudere, Rugumayo, Omwony Ojwok na Tandon, walikuwa na sauti kubwa kiasi kwamba wapinzani wao waliwabandika jina la "Genge la Wanne", kwa kuiga jina walilopewa wanasiasa wa China walioanguka mwaka 1976.

Walikuwa na hoja, lakini hawakuwa na bunduki. Mwezi Mei 1980, tume ya kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga ilimpindua Binaisa. Uchaguzi wa Desemba mwaka huo, uliolalamikiwa na wapinzani, ulimrejesha Milton Obote ikulu. Tandon akarudi uhamishoni, kwanza Kenya, kisha Zimbabwe, nchi iliyokuwa imepata uhuru wake mwaka huo wa 1980.

Mwaka mmoja karibu na mamlaka ulitosha kumwonyesha pengo lililopo kati ya kuieleza dola na kuiendesha.

Karatasi zilizomshinda mjumbe

Shirika la Biashara Duniani, WTO, lilianza kazi tarehe 1 Januari 1995. Nchi za Afrika zilitia saini mikataba yake ikiwa na maelfu ya kurasa kuhusu kilimo, huduma, hataza na ushuru. Nyingi zilikuwa na maafisa wachache mno jijini Geneva, baadhi hazikuwa na hata mmoja. Mikutano kadhaa hufanyika kwa wakati mmoja katika majengo tofauti. Mjumbe asiye na msaidizi huchagua ni wapi pa kuhudhuria na ni wapi pa kukubali kwa ukimya, kwa maana katika shirika hilo uamuzi hufikiwa kwa mwafaka, na asiyepinga huhesabiwa kuwa amekubali.

Mkutano wa kwanza wa mawaziri, uliofanyika Singapore mwezi Desemba 1996, uliidhihirisha hali hiyo. Nchi tajiri zilileta mezani mambo manne mapya: uwekezaji, ushindani, manunuzi ya serikali na urahisishaji wa biashara. Mashauriano mazito yalifanywa na nchi chache zilizoalikwa katika kile kinachoitwa "chumba cha kijani", huku mawaziri wengi wa Afrika wakisubiri nje kuambiwa kilichokubaliwa.

Baada ya mkutano huo Tandon, akiwa Harare, aliongoza kuundwa kwa SEATINI, taasisi ya habari za biashara na mashauriano ya nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, ambayo baadaye ilikuwa na ofisi Kampala na Nairobi pia. Kazi yake ilikuwa kuisoma mikataba neno kwa neno, kueleza nini kimefichwa katika kifungu kipi, kuwakutanisha maafisa wa serikali na wanaharakati, na kuwaandaa wajumbe kabla ya kupanda ndege. Tandon, aliyewahi kuandika juu ya mtaji wa fedha kwa lugha ya nadharia, sasa aliandika waraka mfupi ambao afisa wa wizara angeweza kuusoma usiku mmoja.

Matunda yake hayawezi kuhesabiwa kuwa ya mtu mmoja wala taasisi moja, lakini yalionekana. Mwishoni mwa 1999 mkutano wa Seattle ulivunjika, mawaziri wa Afrika wakiwa wametamka kwamba hawatajiunga na mwafaka ambao hawakushirikishwa kuujenga. Mwaka 2001 kundi la Afrika lilidai kwamba sheria za hataza zisizuie dawa kuwafikia wagonjwa. Azimio la Doha la mwezi Novemba mwaka huo likathibitisha haki ya nchi kuzitumia kanuni hizo kwa namna inayolinda afya ya umma. Kwa nchi kama Kenya, ambako Ukimwi ulikuwa ukijaza makaburi vijijini, hilo halikuwa suala la wanasheria tu. Mwezi Septemba 2003, huko Cancun, mazungumzo yalivunjika tena, na mwaka uliofuata mambo matatu kati ya yale manne ya Singapore yakaondolewa katika ajenda.

Geneva na swali la misaada

Mwaka 2005 Tandon aliteuliwa kuwa mkurugenzi mtendaji wa Kituo cha Kusini jijini Geneva, wadhifa alioushika hadi 2009. Kituo hicho kilitokana na Tume ya Kusini, iliyoongozwa na Mwalimu Nyerere na kutoa ripoti yake mwaka 1990. Kilipopata hadhi ya taasisi ya kiserikali mwaka 1995, Mwalimu alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Kwa hiyo mwalimu wa Mlimani alikuwa amerithi kazi iliyoasisiwa na Mkuu wa Chuo wa zamani, na sasa waajiri wake walikuwa serikali zenyewe.

Akiwa hapo, mwaka 2008 alichapisha kitabu "Ending Aid Dependence", kikiwa na dibaji ya Rais mstaafu Benjamin Mkapa, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya kituo. Alipendekeza hatua saba za kujinasua na utegemezi wa misaada. Hatua ya kwanza haikuhusu fedha. Ilihusu kubadili fikra, ili viongozi na wananchi waache kuamini kwamba nchi haiwezi kusimama bila mfadhili. Zilizofuata zilihusu bajeti, ajira, soko la ndani na akiba ya taifa. Mwaka huo huo alizitahadharisha nchi za Kusini dhidi ya kuidhinisha bila kuhoji mpango wa wafadhili uliojadiliwa mjini Accra, akiona kwamba ungewapa wafadhili mkono mrefu zaidi wa kusimamia sera za nchi hizo.

Wengi waliona ni maneno ya msomi asiyelala njaa. Dawa za kurefusha maisha, chanjo na vyandarua vililipiwa kwa kiasi kikubwa na wafadhili, na kuviacha kungegharimu maisha. Hoja hiyo haikuwa nyepesi. Lakini mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ghafla, na ilipofika Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limeacha kuendesha miradi. Kliniki za Kenya na za nchi jirani ziliachwa zikihangaika. Tukio hilo liliwapa haki pande zote mbili: misaada ilikuwa imeokoa maisha kweli, na kuitegemea kulikuwa hatari kweli.

Mkataba wa Ulaya na mpasuko wa Afrika Mashariki

Mtihani mkubwa wa fikra za Tandon katika ukanda huu ulikuwa Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi na Umoja wa Ulaya, maarufu kama EPA. Chini ya makubaliano ya Cotonou ya mwaka 2000, nchi za Afrika zilitakiwa kufungua masoko yao kwa bidhaa za Ulaya ili ziendelee kuuza huko bila ushuru. Tandon alikuwa miongoni mwa wapinzani wakubwa. Alihoji ni vipi mfugaji wa Afrika atashindana na maziwa ya unga yanayotoka kwa mkulima anayelipwa ruzuku na serikali yake, na viwanda vichanga vitakua vipi bila kinga ya ushuru. Katika kitabu chake cha 2015, "Trade is War", aliyaita mahusiano hayo kwa jina alilodhani linayafaa: vita.

Makubaliano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya yalikamilishwa Oktoba 2014. Yalihitaji nchi wanachama kuondoa ushuru hatua kwa hatua kwa asilimia 82.6 ya bidhaa kutoka Ulaya. Hapo ndipo umoja ulipopasuka. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika orodha ya nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, hivyo zingeendelea kuuza Ulaya bila ushuru hata bila kutia saini. Kenya haimo katika orodha hiyo. Mwezi Oktoba 2014, kabla mambo hayajatengemaa, maua na mboga zake zilianza kutozwa ushuru Ulaya, na maelfu ya wafanyakazi wa mashamba wakawa na hofu ya kupoteza ajira.

Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini. Tanzania ilikataa, na Mkapa alikuwa miongoni mwa waliojitokeza hadharani kuupinga mkataba. Hatimaye Kenya ilikwenda peke yake: ilitia saini mkataba wake na Umoja wa Ulaya jijini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Ni rahisi kumlaumu mmoja au mwingine. Ukweli ni kwamba swali la Mlimani lilikuwa limerudi. Tandon aliamini kwamba mbele ya nguvu ya nje nchi ndogo zitasimama pamoja. Lakini ndani ya kila nchi kulikuwa na masilahi yanayovutana. Mwenye shamba la maua, kibarua anayeyakata, mfugaji wa ng'ombe wawili na mwenye kiwanda hawakuwa na hasara moja wala faida moja. Walioishinikiza serikali kwa nguvu zaidi ndio waliosikika. Shivji, aliyedai kwamba tuitazame dola yetu kwanza, hakuwa amekosea kabisa.

Hata mfano wa mbaazi unaongeza ugumu. Aliyeufunga mlango mwaka 2017 si Ulaya wala Marekani. Ni India, nchi ya Kusini, iliyokuwa ikiwalinda wakulima wake yenyewe, jambo ambalo Tandon angeitaka kila serikali ya Afrika ilifanye.

Mshauri hatii saini

Yapo mambo yanayosalia. La kwanza ni kwamba masuala ya biashara yametoka katika makabati ya wizara. Mwaka 2007 jukwaa la wakulima wadogo wa Kenya liliishtaki serikali kwa kujadili EPA bila kuwashirikisha. Mwezi Oktoba 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa uamuzi uliotaka wadau washirikishwe. Kwamba mkulima mdogo anaweza kusimama mahakamani na kuhoji mkataba wa kimataifa ni jambo ambalo miaka 20 nyuma lingeonekana kama ndoto.

La pili ni kwamba kupigania kifungu kwaweza kuzaa matunda. Mkutano wa mawaziri wa WTO uliofanyika Nairobi mwezi Desemba 2015, wa kwanza katika ardhi ya Afrika, uliamua kukomesha ruzuku zinazotolewa kwa mazao ya kilimo yanayouzwa nje. Ruzuku za ndani za nchi tajiri zilibaki, na hizo ndizo kubwa, lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa baada ya miaka mingi ya kudai.

La tatu ni mpaka wa kazi ya mshauri. Tandon angeweza kuonyesha mtego ulipo katika ukurasa wa 40, na mara nyingi aliuonyesha. Hakuweza kutia saini wala kukataa kutia saini. Uwezo huo uko kwa serikali, na serikali husikiliza sauti iliyo karibu na iliyojipanga. Msomi aweza kumpa mjumbe karatasi iliyoandikwa vyema. Lakini wasipokuwapo nyuma ya mjumbe huyo wananchi wanaojua kilichoandikwa na wanaodai kujibiwa, karatasi hiyo itabaki mkobani.

Kwa mkulima wa Kalama somo hilo lina maana iliyo karibu sana. Bei ya nzuu zake haipangwi na mawingu peke yake, na wala haitapangwa na profesa mmoja aliyeko Geneva. Itategemea kama chama chake cha ushirika, diwani wake na mbunge wake wanajua ni mkataba gani uko mezani mwaka huu, na kama wamemuuliza waziri atasema nini atakapofika huko.